Muziki wa simu kwenye redio ya zamani ya Corolla NZE: uzoefu wangu na transmita, kaseti, AUX na Bluetooth

Gari lenyewe ni Toyota Corolla NZE 121 iliyoletwa kutoka Japani na redio yake ya asili: CD moja, kaseti moja, FM ya Kijapani, hakuna AUX (tundu la kuingizia sauti kwa waya) wala USB. Magari ya namna hii yamejaa Mombasa, Mtwapa hadi Likoni, na mengi ya haya yanafaa pia kwa Fielder, Premio, Allion na Probox za rika hilo. Nimetumia njia zote zinazouzwa mjini. Iliyobaki garini ni kipokezi kidogo cha Bluetooth kilichoungwa nyuma ya redio kupitia tundu la CD chenja. Transmita ya FM iko kwenye kijisanduku cha dashibodi kama akiba.

Nianze na transmita, kwa sababu ndiyo kila mtu hununua kwanza. Ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara: kinapokea muziki wa simu kwa Bluetooth, kisha kinaurusha kwa FM hadi redio ya gari. Yangu ilinigharimu shilingi 900. Wengi huilaani siku ya kwanza kwamba haishiki, na mara nyingi kosa si lake. Redio ya Kijapani husoma FM kutoka 76.0 hadi 90.0 MHz. Transmita hurusha kutoka 87.5 hadi 108.0. Zinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 hadi 90.0. Kama gari halina ekspanda, ninayoieleza hapo chini, ukiiacha kwenye 100.0 utazungusha redio mpaka mafuta yaishe.

Kisha kuna ekspanda, na hapa ndipo watu hupotea kabisa. Magari mengi yaliyoletwa huwekwa kidude kwenye waya wa ariali ambacho hushusha masafa yetu ili redio ya Kijapani iyafikie. Kibandiko chake huandikwa namba, tuseme 16, 18 au 20; hizo ndizo MHz zinazopunguzwa. Njia rahisi ya kuijua yako bila kufungua chochote ni kutafuta stesheni unayoijua. Pwani FM hapa mjini iko 103.1. Redio ikikuonyesha 85.1 inapoishika, ekspanda ni ya 18. Ikionyesha 87.1, ni ya 16. Ikiwa ni ya 20, utaipata kwenye 83.1, lakini Baraka FM ya 95.5 hutaipata kabisa, kwa kuwa ingeangukia 75.5, nje ya mwanzo wa redio. Hesabu hiyohiyo inahusu transmita, maana mawimbi yake nayo huingia kupitia ariali. Kwa ekspanda ya 18, transmita ikiandika 106.3, redio iwe 88.3. Kuziweka zote mbili 88.3 ni kosa la kawaida, na hata fundi wa redio nimemwona akilifanya kisha akalaumu kidude.

Kuchagua masafa kuna utaratibu wake. Zima transmita, washa redio, songa kwa hatua za 0.1. Unatafuta mahali penye "shhhh" tupu, na jirani zake wa 0.2 kila upande wawe watupu pia, kwani stesheni moja hujaza takriban 0.2 MHz. Fanya hivyo mara mbili: pale unapoanzia safari na pale unapoishia. Masafa yaliyo matupu kabisa Mtwapa, ukifika Makupa unaweza kukuta mtu anakusomea taarifa ya habari juu ya muziki wako. Ikiwa stesheni inasukumana na transmita, shusha ariali ya kuvuta hadi nusu. Transmita iko ndani ya gari, karibu. Stesheni iko mbali. Ariali fupi humuumiza zaidi aliye mbali.

Sauti yake? FM yenyewe huishia kwenye 15 kHz, na transmita za bei hii hupunguza zaidi. Kwa mawaidha, habari na mazungumzo haina neno. Kwa taarabu, fidla zinasikika kama zimefunikwa shuka. Simu iweke kwenye asilimia 80 hivi ya sauti. Ukisikia herufi "s" zinageuka "sh" zenye mikwaruzo, transmita inazidiwa, shusha simu na upandishe redio. Tena usiisukume ndani ya soketi kwa nguvu. Ile pini ya katikati ikipinda ikagusa ukingo, au sarafu ikidondokea mle ndani, fyuzi ya CIG, yaani ya soketi hiyo, inakatika. Kwenye Toyota nyingi ni ya ampea 15, iko kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, na ukiweka kubwa zaidi ya hiyo unatafuta moto.

Adapta ya kaseti ni njia niliyoidharau nikaja kuiheshimu. Ndani yake kuna kichwa kidogo kinachotazamana na kichwa cha redio na kumpasia sauti kwa sumaku, bila masafa, bila stesheni jirani. Sauti yake ni safi kuliko transmita yoyote niliyowahi kuchomeka. Tatizo ni redio zinazogeuza kaseti zenyewe. Redio huangalia kama magurudumu yanazunguka sawasawa; ya adapta yakiteleza, inadhani mkanda umefika mwisho, inageuza upande, inageuza tena, klak, klak, kila sekunde chache. Jaribu kwanza kubonyeza kitufe cha upande wa pili. Ikikataa, fungua skrubu za adapta uone gia ipi imekwama. Gia zikikosa grisi hutoa "krrr" inayosikika nyimbo zikiwa taratibu. Zima Dolby (kitufe cha kupunguza kelele za mkanda), la sivyo sauti inakuwa nzito kama iliyozibwa mdomo. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya isopropili. Ukiona pamba imetoka na rangi ya kahawia, hiyo ndiyo treble yako, zile sauti nyembamba, iliyokuwa imepotea. Usiiache garini mchana wa kaskazi. Plastiki yake hupinda kidogo tu, milimita moja, na hiyo moja inatosha kukwama ndani.

Sasa ile ninayoitumia.

Nyuma ya redio nyingi za Toyota za miaka hiyo kuna tundu la kuunganisha CD chenja, lile sanduku la CD 6 lililokuwa likikaa kwenye buti au chini ya kiti. Lipo la pini 12 lililopangwa 5 na 7, ambalo ni la zamani, na lililopangwa 6 na 6, lililokuja baadaye kidogo, kuanzia karibu 2004. Redio nyingine hazina lolote. Kwa hiyo usinunue kitu kabla hujavuta redio ukaangalia mgongoni. Kwenye Toyota nyingi kava ya katikati imeshikwa na klipu tu: vuta kwa vidole kutoka chini, polepole, usitumie bisibisi ya chuma, inaacha alama. Kumbuka kuchomoa waya wa swichi ya hazadi. Redio yenyewe imeshikwa na boliti 4 za soketi namba 10. Usitoe betri ikiwa una redio ya ramani na huna namba yake ya siri ya kuifungua. Kuna zinazojifunga umeme ukikatika, na kuzifungua ni gharama nyingine. Kwa redio ya kawaida ya CD na kaseti, toa terminali ya hasi na usiwe na wasiwasi.

Kuna fundi atakwambia, "Bosi, nakulehemea nyaya mbili za sauti hapo, umemaliza." Usikubali. Redio haifungui mlango wa sauti wa chenja mpaka izungumze na chenja kupitia nyaya zake za data, mfumo ambao Toyota huuita AVC-LAN. Ukiunga nyaya za sauti peke yake, utabonyeza CD na redio haitakuelekeza kokote. Unachohitaji ni kisanduku kinachojifanya chenja. Yatour ni jina linalopatikana, na yapo mengine. Agiza kwa kutaja umbo la pini, 5 na 7 au 6 na 6, si kwa kutaja gari peke yake. Changu kilifika shilingi 3,800. Kinaingia kwenye tundu bila kukata waya hata mmoja, kina USB, kadi ya SD na tundu la AUX la mm 3.5. Ukibonyeza CD mara ya pili redio inaruka kwenye chenja. Kwangu AUX huamka pale USB na SD zikiwa tupu, kwa hiyo ukiacha flashi imechomekwa, AUX itanyamaza na utadhani imekufa.

Kutoka hapo ungeweza kuchomeka simu moja kwa moja kwa waya. Tatizo ni kwamba simu nyingi hazina tena tundu la spika za masikio: iPhone liliondolewa mwaka 2016 na iPhone 7, na wengine wakafuata. Adapta za USB-C za bei ya chini ni za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ina chipu ya kugeuza sauti ndani yake, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu ifanye kazi hiyo. Ya waya mtupu ukiichomeka kwenye simu isiyotoa sauti kwa njia hiyo, unapata kimya. Kwa hiyo nikaweka kipokezi cha Bluetooth kwenye AUX, shilingi 1,200, ukubwa wa kiberiti, kinakula umeme wa volti 5.

Na hapo ndipo mluzi ulipoanza. Nieleze vizuri kwa sababu hii ndiyo lawama ninayoisikia kila siku, na watu hutupa vipokezi vizima kwa ajili yake. Gari likiwa limezimwa, muziki safi. Washa injini, unasikia "ngiiii" nyembamba nyuma ya wimbo, kanyaga mafuta, inapanda, achia, inashuka. Hiyo ni alteneta, inayochaji betri injini ikizunguka, inasikika kwenye spika. Inaingiaje? Kipokezi kinapata athi (upande wa hasi, unaorudi kwenye bodi ya gari) mara mbili: mara moja kupitia chaja iliyo kwenye soketi ya sigara, mara ya pili kupitia waya wa AUX hadi redio. Athi hizo mbili si sawasawa kabisa, zinatofautiana kwa volti kidogo mno, na tofauti hiyo hucheza kwa mwendo wa alteneta. Redio haijui, inaisikia kama sehemu ya wimbo na kuikuza.

Kipimo ni cha dakika moja. Kipokezi chenye betri yake ndani, kichomoe kwenye chaja wakati injini inanguruma na muziki unacheza. Mluzi ukikatika papo hapo, ni huo mzunguko wa athi. Usipokatika, tafuta kwingine: athi ya redio yenyewe imelegea, au kuna amplifaya nyuma ambayo nyaya zake za sauti zimelala pamoja na waya mnene wa umeme.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kichuja cha mm 3.5 kinachokaa kati ya kipokezi na AUX. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, sauti inavuka kwa sumaku na athi haivuki. Shilingi 500, dakika mbili, mluzi kwisha. Lakini transfoma ndogo hazipitishi besi yote, na kama una spika za inchi 6 kwa 9 nyuma utaona ngoma zimepungua tumbo. Ya pili ni kutenganisha umeme badala ya sauti: moduli inayoitwa B0505S, inayopokea volti 5 na kutoa volti 5 bila kuunganisha athi. Ile ya wati 1 hutoa miliampea 200, inatosha kipokezi ila haitoshi kuchaji simu, na ukiijaribu itapata moto na kufa. Kata waya wa USB, unga mwekundu na mweusi kwenye pini za kuingilia, utoe upande wa pili, na kapasita ya mikrofaradi 10 kila upande. Funika kwa neli ya kubana kwa moto, si tepu ya umeme. Gundi ya tepu kwa joto la dashibodi letu huyeyuka na kuteleza, baada ya mwezi nyaya ziko wazi. Mimi niko kwenye hii ya pili na besi ni kamili.

Chumvi ya bahari nayo haisamehe. Tundu la AUX lililo wazi kwenye gari linalolala Nyali au Bamburi, vioo chini, huanza kuota kutu ya kijani kwenye vibati vya ndani. Dalili yake ni upande mmoja wa spika kupotea, kisha kurudi ukizungusha pini. Usinunue waya mpya kwanza. Puliza spreyi ya kusafishia mawasiliano ya umeme, chomeka na kuchomoa pini mara 10, ngoja dakika 5. Pini ikiwa mle muda wote vibati havioti sana, kwa hiyo waya wa kipokezi sichomoi kamwe. Mguu wa ariali nao uangalie: athi yake ni bodi ya gari, na kutu pale chini hufanya FM yote iwe na mikwaruzo, transmita ikiwemo.

Kuhusu kubadilisha redio nzima kuweka ya skrini: ina nafasi yake, kama redio ya asili imekufa au unataka kamera ya nyuma. Kwa muziki peke yake ni gharama ya bure. "Wati 50 mara 4" iliyoandikwa boksini ni ya kilele. Nguvu ya kudumu ni takriban wati 20 kwa kila spika, sawa tu na redio yoyote isiyo na amplifaya ya nje. Redio ya kawaida ya DIN mbili (saizi ile ya kimo kirefu) ina upana wa karibu mm 180, na uwazi wa Toyota ni mm 200, ndiyo maana utaona mianya pembeni usipodai vijazio vya mm 10 kila upande.

Ila hili la rangi za nyaya lazima niliseme. Redio za dukani hufuata rangi zao: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni athi. Plagi ya Toyota za miaka hiyo haifuati hizo kabisa. Kwake umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, athi ni kahawia. Nyeusi na njano ni chanya na hasi ya spika ya nyuma kushoto. Nyekundu na nyeupe ni ya nyuma kulia. Fundi anayekata plagi na kuunga rangi kwa rangi anapeleka waya wa njano wa redio kwenye spika, na mweusi pia. Kwa bahati nzuri redio haiwaki tu. Kwa bahati mbaya zaidi, akihangaika kutafuta umeme kwa kugusagusa, anachoma IC ya sauti, chipu inayosukuma spika. Hasi ya spika isiguse bodi hata mara moja. Nunua plagi ya kuunganisha ya Toyota, pini 10 na pini 6, ni mia kadhaa tu, na usiruhusu mkasi ukaribie plagi ya gari.

Simu yenyewe: kwa kipokezi kilicho kwenye AUX, weka sauti ya simu asilimia 85 hadi 90 na uongoze kwa kitufe cha redio. Ukiiacha simu kwenye 50, itabidi redio ipande sana, na siku utakaporudi kwenye FM itakupigia kelele ya kuamsha mtaa. Ikwalaiza tumia moja, ya simu au ya redio, si zote mbili. Kwenye Android, gusa alama ya gia mbele ya jina la kipokezi uzime "simu" na uache "sauti ya midia". Maikrofoni za vidude hivi husikia upepo na honi za matatu kuliko zinavyokusikia wewe, na mtu wa upande wa pili atakukatia. Video zitachelewa sauti kidogo, muziki hauathiriki.

Kwa wanaovuka Likoni kwa feri, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umebaki hatua ya kwanza, redio kwa sauti ya kawaida pamoja na kipokezi inakula ampea 1 hadi 2. Betri nzima haitahisi. Taa kubwa za mbele ni karibu ampea 9 zote mbili, hizo ndizo zinazokuacha ukisukumwa kutoka feri. Ukipiga stata, kipokezi kisicho na betri yake kitakatika na kuanza kujiunga upya, kwa sababu ufunguo ukiwa kwenye stata hukata umeme wa soketi; hiyo si dalili ya betri kuchoka.